Marehemu Hakuwa na Mwanya

Nataka niliseme hili mapema asije mtu akanisingizia: mimi sikukusudia. Kama kuna anayedhani mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu, muuza mdalasini na pilipili manga sokoni, anaweza kukaa kitako akapanga kumvalisha hawara wake sare ya jeshi na kumsimamisha ufukweni watu wamsomee dua, basi huyo hanijui. Na kwanza Stambuli hakuwa hawara. Alikuwa jirani.

Mume wangu Sufiani ndiye aliyekuwa rubani wa ndege ya vita. Mluguru wa Kinole, mtoto wa mlimani, aliyejua kurusha ndege kabla hajajua kuendesha baiskeli. Mwaka ule wa vita ndege yake iliharibika juu ya bahari. Watu wa Mwambakuni, kijiji kimoja huko pwani, walimwona akiikwepesha isiangukie nyumba zao, mpaka ikaenda kuzama naye majini. Hakupatikana. Tulimsalia bila maiti, nami nina mimba ya binti yangu Mwanvita, katika umri ambao wasichana wa siku hizi bado wanagombana na mama zao kwa ajili ya simu.

Watu wa Mwambakuni hawakumsahau. Kila mwaka wanamsomea, na mwaka huu wakaomba ijengwe kumbukumbu pale pale ufukweni: nguzo, jina lake, na juu ya nguzo kichwa chake kikitazama bahari. Shehe wetu hapa Bigwa aliguna aliposikia habari ya kichwa. Wifi yangu Mwajuma akamjibu kwamba hicho si kinyago, ni kumbukumbu, na mwenye kutaka ugomvi aende akagombane na bahari. Mwajuma ndivyo alivyo. Ndiye ndugu pekee wa marehemu aliyebaki, na ushujaa wa kaka yake ameuvaa mwilini mwake utadhani ni gauni.

Tabu ikawa sura. Picha ya harusi yetu ililiwa na mchwa. Imebaki moja tu: Sufiani kasimama ubavuni mwa ndege, kavaa lile likofia la marubani, pua na mdomo vimezibwa na kidude cha kupumulia, machoni kioo cheusi. Ukiitazama huwezi kujua kama ni mume wa mtu au ni mdudu. Mwajuma mwenyewe wakati kaka yake anakufa alikuwa bado anabebwa mgongoni, ingawa ukimsikiliza utasema ndiye aliyemfundisha kazi. Tukapanda Kinole kumuuliza Babu Abeid, ambaye macho yake hayaoni tena.

"Babu, Sufiani alikuwaje?"

"Alikuwa mrefu."

"Mrefu kama nani, babu?"

"Kama marehemu."

Basi nikabaki mimi. Mwajuma akanitolea macho mbele ya watu. "Wifi, wewe si unamkumbuka?"

"Namkumbuka kama jana," nikajibu kwa madaha. Ningesema nini? Mjane wa shujaa, nakalishwa kiti cha mbele kila mwaka, niseme sikumbuki?

Nikapelekwa Mafiga kwa Castory, kijana anayefinyanga vichwa vya watu kwa udongo kwanza, ndugu wakikubali ndipo anamimina saruji. Mtoto mwenye adabu. Akaniamkia, akanipa kigoda, akaniambia, "Mama, fumba macho. Ukishamwona, niambie polepole. Pua ikoje?"

Nikafumba macho. Na Mungu shahidi yangu, uso ukaja wenyewe, hata sikuutafuta.

"Pua imekaa. Pana kidogo, ya mtu mpole."

"Nyusi?"

"Nzito. Zinakaribia kukutana."

"Alikuwa mtu wa kucheka?"

"Anaanza kucheka upande mmoja. Upande wa pili unafuata akishaona kuna usalama."

Castory akacheka mwenyewe. "Na meno?"

"Ana mwanya," nikasema, na joto likanipanda shingoni. "Mwanya mzuri, hapa mbele."

"Mama," kijana akasema, mikono imejaa udongo, "ulimpenda sana mzee."

"Sana," nikasema. Sikuwa naongopa.

Sasa sikia habari ya Stambuli. Ana kitalu cha miche kando ya barabara hapa Bigwa, na mke wake alifariki zamani. Huyu mwanamume hajui maneno ya mapenzi. Analeta mche. Leo mparachichi, kesho mkarafuu, keshokutwa mlangilangi, "nimeona huu umekaa vibaya kwangu, Bi Maimuna, labda kwako utapata raha." Ua wangu umekuwa msitu, kuku wanapotea humo. Mpaka juzi tu, baada ya mwezi mtukufu, alipoleta mche wa mdalasini, kwangu mimi ninayeuza mdalasini, nikamuuliza una nini wewe, akaitazama ndala yake akasema, "Nataka kuja kwenu na watu."

Jamani! Niliingia ndani nikafunga mlango nikacheka peke yangu. Kisha nikalia. Kwa sababu Mwajuma alishasema siku nyingi, tena msibani kwa watu: "Mke wa shujaa haolewi." Na Mwanvita wangu yule, mtu mzima, muuguzi, mama wa watoto, kila akitajiwa baba yake anakaa wima. Nikamwambia Stambuli asubiri kumbukumbu iishe. Nilimpenda, nilikuwa namwogopa wifi yangu, na nilikuwa naogopa zaidi kumvunja moyo mwanangu. Hayo ndiyo yaliyokuwa rohoni mwangu siku tulipokwenda kukagua kichwa.

Tulikuwa watatu pale kibandani kwa Castory: mimi, Mwajuma na Mwanvita. Kichwa kimesimama juu ya meza, kimefunikwa kitambaa kibichi udongo usikauke. Mwajuma alikuja na kanga mpya na kisomo kabisa; akainua mikono, akamwombea kaka yake, tukaitikia amina. Kisha akasema, "Mwanvita, mwanangu, wewe ndiye mtoto wake. Funua."

Mwanvita akafunua.

Kola ya sare ilikuwa imekaa sawasawa. Kifua cha jeshi kabisa, vifungo na vyote. Na juu ya kola hiyo, nyusi zimekaribiana, mdomo umeanza kucheka upande mmoja, mwanya huo, alikuwa Stambuli.

Mtume!

"Mashallah," Mwanvita akasema kwa sauti ndogo. "Baba alikuwa anacheka." Akakisogelea. Akakizunguka. Akarudi mbele. "Mbona namjua?"

"Ni damu," Mwajuma akasema, anafuta machozi. "Damu ndiyo inamjua. Ndiye huyo huyo kaka yangu, namkumbuka!"

"Hapana, shangazi. Nasema namjua. Kama nilimwona jana. Kama aliniuzia kitu."

Nikaanza kusema labda tukifunike, udongo usiingiwe na vumbi. Hapo hapo mlangoni pakasikika, "Hodi humu! Ile miche ya kupanda kuzunguka nguzo nimeleta mfano muichague." Mwajuma alikuwa amemwagiza mwenyewe, tena siku hiyo hiyo, kwa sababu hataki kwenda Mafiga mara mbili. Stambuli akaingia na boksi la miche, akasalimia, akanitazama mimi, akaanza kucheka upande mmoja.

Kisha akakiona kichwa.

Nakwambieni, walikuwa Stambuli wawili wanatazamana, mmoja kashika miche na mwingine kavaa sare, na wote wawili mwanya nje. Aliyekuwa hai ndiye aliyefunga mdomo.

"Huyu nani?" akauliza.

"Huyo ndiye marehemu," Castory akajibu kwa heshima, halafu naye akamtazama Stambuli vizuri. "Ala!"

Mwajuma alitazama kichwa, akamtazama Stambuli, akatazama kichwa. Machozi yakamkauka mashavuni.

"Marehemu hakuwa na mwanya," akasema.

"Wifi..."

"Kwetu hakuna mwanya! Tangu kwa bibi mzaa bibi yetu hakuna mwanya!"

"Si umesema unamkumbuka, shangazi?" Mwanvita akauliza.

"Nyamaza wewe! Maimuna! Nani alimwelekeza huyu kijana?"

"Mimi."

"Ukamwambia nini?"

"Aliniambia nifumbe macho nimseme nitakayemwona."

"Ukamwona nani?"

Hata kigoda kilikuwa kimekwisha kujua.

"Mzee wa miche!" Mwajuma akapiga kofi la mikono. "Toba! Watu wa Mwambakuni wakae pale ufukweni na misahafu yao wamrehemu mzee wa miche, naye yuko Bigwa anamwagilia mipapai!"

"Mimi sijafa, Bi Mwajuma," Stambuli akasema, bado kakumbatia boksi lake.

"Hilo ndilo linaloniuma!"

Castory akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Mimi mwenyewe kicheko kilinifika kooni nikakimeza, kwa sababu niliona Mwajuma amekaa chini, juu ya mfuko wa saruji, na kanga yake mpya, na hajali.

"Wifi, nikuulize," akasema, safari hii taratibu. "Sisi ni Waluguru. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanvita ni wa kwenu. Wajukuu ni wa kwenu. Hata kaburi hatuna, bahari imelichukua. Sisi tuliomzaa Sufiani tumebaki na nini? Nilikuwa nangoja hicho kichwa. Nikasema nami nitamwona kaka yangu, hata wa udongo. Na hicho nacho umempa mtu mwingine."

Hapo kicheko kikaniisha kabisa. Nikafumba macho nimtafute Sufiani, nimpe ndugu yake. Niliiona sare. Niliuona mkono wake umeshika kofia. Nilisikia hata alivyokuwa ananiita, Mai, Mai, kama mtu anayeita kitoto cha paka. Lakini uso, wallahi, haukuwapo. Pale pa uso palikuwa na kile kidude cha kupumulia.

"Nimemsahau," nikasema. "Nisameheni. Sura yake imenitoka, wala sijui ilinitoka lini. Nimemlilia mpaka machozi yakamfuta. Na huyu," nikamwonyesha Stambuli kwa kidole, maana mambo yalikuwa yameshaharibika, "huyu nampenda. Nilikuwa naogopa kuwaambia. Sasa udongo umeshasema."

Stambuli aliweka boksi chini. Alikosea, akaliweka juu ya mguu wa Castory.

Nikamgeukia mwanangu. Mwanvita hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo. Alikuwa anapapasa shavu la udongo kwa kidole kimoja.

"Maisha yangu yote nimeitazama ile picha," akasema. "Ile ya mdudu. Nilipofunua kitambaa, nikasema alhamdulillah, kumbe baba alikuwa mtu wa kucheka." Akaondoa kidole. "Kumbe si yeye. Hakuna anayemjua baba."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilijua hapo kwamba nikitoka mlangoni na Stambuli, nitakuwa nimepita juu ya roho ya mtoto wangu, na sitaweza.

"Mimi namkumbuka," Stambuli akasema.

Wote tukamtazama.

"Sana tu. Castory, mwanangu, bomoa hicho."

"Mzee, hii sura yako imetoka vizuri kweli."

"Yangu ninayo. Natembea nayo kila siku. Bomoa."

Castory akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akalowesha mikono, akaweka dole gumba juu ya mwanya, akaufuta. Nitakuwa mwongo nikisema haikuniuma.

"Pua kwanza," Stambuli akasema, amesimama kwa nyuma, mikono mgongoni. "Ipunguze. Alikuwa na pua nyembamba ya maringo. Hapo. Hapana, ipandishe, alikuwa anaiinua kidogo akiongea na watu wafupi. Nyusi nyepesi, zimeachana. Mashavu ondoa, hakuwa na mashavu yule, alikuwa na mifupa. Mdomo ufunge. Hakuwa anacheka hovyo, alikuwa anabana midomo kama anazuia siri. Kidevuni weka kishimo."

"Kikubwa?"

"Cha kuingia punje ya mahindi."

Castory anakata, anabandika, anasugua kwa kijiti. Mwajuma alikuwa amesimama bila kujijua.

"Sasa masikio," Stambuli akaendelea. "La kulia la kawaida. La kushoto, hapa juu limejikunja. Likunje. Zaidi. Kama jani la mgomba lililoungua na jua."

Mwanvita akapeleka mkono chini ya mtandio wake, akashika sikio la kushoto. Tangu msichana hajawahi kutoka kichwa wazi kwa ajili ya sikio hilo.

"Mama yetu!" Mwajuma akapaza sauti. "Mama yetu alikuwa na sikio hilo! Hilo hilo! Alikuwa analifunika kwa kilemba!" Akamgeukia Stambuli. "Wewe ulimjulia wapi kaka yangu hivi? Mlikuwa jeshi moja?"

"Mimi jeshini? Hapana."

"Mlisoma wote?"

"Sikuwahi kusema naye hata neno."

"Basi?"

Stambuli akaitazama ndala yake. Ile ndala inamsaidia sana mwanamume yule.

"Nilikuwa nataka kuleta posa kwa kina Bi Maimuna," akasema. "Kijana bado. Nikasema siwezi kwenda peku, ngoja nitafute viatu. Wakati natafuta viatu, akaja yeye na buti za jeshi. Siku ya harusi nilikwenda. Nilikaa kule penye masufuria ya pilau, nikamkodolea macho bwana harusi mchana kutwa, natafuta kasoro. Nilimkagua pua, nikamkagua kidevu. Hana kasoro, mtu wa watu. Mwishoni nikaliona sikio." Akavuta pumzi. "Nikaondoka na hilo sikio, ndilo lililonifariji mpaka nikalala. Mtu unayempenda, Bi Mwajuma, unaweza ukamsahau sura. Unayemwonea wivu, humsahau."

Miaka yote ile, miche yote ile, mimi nikidhani mapenzi yake yalianza mkewe alipofariki. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

"Kwa viatu tu?" nikamuuliza. "Stambuli! Ulinikosa kwa ajili ya viatu?"

"Vilikuwa adimu siku zile," akajitetea.

Mwajuma akacheka. Hakutaka, nilimwona anavyokizuia, lakini kilimtoka puani, na kilipokwisha kutoka hakikurudi.

"Tayari," Castory akasema, akasogea pembeni.

Na Sufiani alikuwa pale.

Alikuwa yeye. Midomo imebanwa, pua juu, sikio limekunjamana. Nilimjua mara moja, kama mtu anayeingia kwake gizani akajua kila kitu kilipo. Lakini kilichonipiga si hicho. Kilichonipiga ni kwamba alikuwa mtoto! Shingo nyembamba, uso haujapata hata mkunjo mmoja. Mimi muda wote kichwani nilikuwa nimezeeka naye, namgombeza, namuuliza mbona hukurudi, namwona mzee mwenzangu anayenikalisha bure. Kumbe alikuwa kijana mdogo kuliko mjukuu wangu wa kwanza. Alikuwa hawezi kunizuia kitu. Alikuwa wa kuonewa huruma na kubusiwa kwenye paji la uso.

Nikambusu kwenye paji la uso. Udongo ulikuwa wa baridi.

"Mai amekuja," nikamwambia kimya kimya. "Sasa pumzika, baba."

Mwanvita alikuwa amevua mtandio. Alisimama ubavuni mwa kichwa kile, sikio kwa sikio, analia na kutabasamu kwa midomo iliyobanwa vile vile, na mimi mama mtu ndiyo kwanza naona midomo ile aliitoa wapi. Kisha akamwendea Stambuli. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama anavyoamkiwa baba, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," Stambuli akajibu.

Akabaki Mwajuma. Alikuwa ameshika kichwa cha kaka yake kwa viganja viwili, anakichunguza kona hadi kona, kinamchafua kanga na hajali. Kule kwetu dada wa marehemu akikataa, amekataa. Ningeweza kuolewa, ndiyo, lakini ningeolewa kama mwizi. Alikaa hivyo mpaka nikaona nimekwisha. Halafu akajifuta macho kwa mkono wenye udongo, akajichora mstari mweusi shavuni, akaelekea mlangoni kumwita mama anayeuza chai ng'ambo ya barabara.

"Castory, wewe chai gani?" akauliza bila kugeuka.

"Ya maziwa, mama."

"Mwanvita?"

"Ya maziwa, shangazi."

Akageuka. Akamtazama Stambuli kutoka nyusi hadi ndala, kisha kutoka ndala hadi nyusi, uso umekunjwa vile vile.

"Na wewe, shemeji? Ya maziwa au ya rangi?"

Stambuli akaitazama ndala yake. Mwanvita akaweka mkono kifuani. Neno lile lilikuwa limesimama katikati ya kibanda, na mwenye kulisema hakuonyesha dalili ya kulirudisha.

"Ya rangi," nikamjibia mimi. "Maziwa yanamsumbua tumbo."